Kibahasha Ndani ya Mkoba: Dawa za Safari ya Kazi na Haki ya Kuelezwa

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Wasomaji wetu watukufu, na hasa mama na dada zetu ambao ndio wafungao mikoba ya wasafiri katika nyumba zetu, juma hili twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo. Nalo ni kile kibahasha cha vidonge ambacho mume, mwana au binti hupewa kazini kabla ya kutumwa safari. Twalileta kwa sababu lilitugongea mlango, na kwa sababu sisi wenyewe tulikosea kabla ya kulielewa.

Mgonjwa tuliyemsomea

Ilikuwa baada ya sala ya Isha. Mama mmoja kijana wa mtaani kwetu alikuja akifuatana na mamamkwe wake. Mumewe ni karani katika kampuni ya kusafirisha mizigo itokayo bandari ya Kilindini, na alikuwa amerudi kutoka Juba baada ya kukaa huko majuma matano. Tangu arejee halali. Akipitiwa na usingizi huota ndoto za kutisha, akaamka jasho limemlowesha, akisema kuna watu wanaomfuata ngazini. Alijulikana kwa upole, lakini sasa alikuwa akiwafokea watoto kwa jambo lisilo na maana, kisha akajifungia chumbani akilia kwa kujuta.

Mamamkwe alikwisha kata hukumu. "Maalim," alituambia, "mwanangu amechezewa huko. Kuna mtu aitakaye nafasi yake." Mke hakutamka neno.

Tulikwenda. Tulimsomea usiku ule, na wa pili, na wa tatu. Hatujutii kumsomea, kwani Qur'ani ni shifaa na rehema kwa waumini, na sisi twaamini hivyo kwa nyoyo zetu zote. Tunachojutia ni kwamba kwa siku tatu hatukuuliza swali ambalo hata mtoto wa chuoni angeliuliza: je, yuko katika dawa yoyote?

Usiku wa nne yule mke alitufuata mpaka mlangoni, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kumkosea adabu mkwewe: "Maalim, niwie radhi. Kila Jumapili yeye humeza kidonge alichopewa kazini. Na kila Jumatatu ndiyo siku iliyo mbaya zaidi." Kisha akatoa chini ya buibui lake kibahasha cha karatasi. Juu yake palikuwa na jina la mumewe na maneno matatu, "kimoja kwa wiki". Hapakuwa na jina la dawa, wala onyo, wala nambari ya simu ya kuuliza.

Tulimwambia ampeleke mumewe hospitalini alfajiri, na kibahasha kile akishike mkononi. Daktari aliipigia simu zahanati ya kampuni, akatajiwa dawa ile: meflokwini, ambayo wengine waijua kwa jina la kibiashara Lariam. Ndipo alipomuuliza mgonjwa ikiwa amewahi kuugua maradhi ya moyo kuingiwa na huzuni nzito, au wasiwasi, au kifafa. Akajibu kwamba miaka michache nyuma, baada ya kufiwa na babake, alitibiwa miezi sita kwa huzuni iliyomzuia hata kwenda kazini. Daktari akamuuliza ni nani aliyemuuliza habari hiyo kabla ya kumpa dawa. Akasema hakuna.

Dawa yenyewe na habari zake

Tusidhulumu dawa. Malaria ni adui mkubwa kuliko kidonge chochote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka wa 2022 watu 608,000 walikufa kwa malaria, na wengi mno kati yao walikuwa watoto wadogo wa bara letu hili. Sisi watu wa Pwani tumeizoea malaria hata twaiita homa tu, lakini mtu aliyelelewa katikati ya mji wa Mombasa akitumwa Juba, au mashariki ya Kongo, au kandokando ya Ziwa Victoria, asijidanganye kwamba mwili wake una ngao. Mwajiri anayempa mfanyakazi kinga amefanya wema. Tunachosema ni kwamba wema ule haukukamilika.

Meflokwini ilibuniwa na watafiti wa jeshi la Marekani katika miaka ya 1970, na ikaidhinishwa katika nchi hiyo mwaka wa 1989. Ina faida moja kubwa, nayo ni kwamba humezwa mara moja tu kwa juma. Kwa watu wengi haileti shida ya kutajika. Lakini kwa wengine huleta ndoto mbaya, wasiwasi, huzuni, kizunguzungu na dhana zisizo na asili, na ndiyo maana haifai kupewa mtu aliyewahi kuugua huzuni nzito, maradhi ya akili au kifafa. Mwezi wa Julai 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru dawa hii iandikwe onyo kali kuliko yote inayoyatumia, na kueleza kwamba kizunguzungu na matatizo ya mishipa ya fahamu huweza kubaki muda mrefu, hata daima, baada ya dawa kuachwa.

Na jambo hili limewakuta wakubwa pia. Jeshi la Uingereza liliwapa askari wake dawa hii kwa miaka mingi walipotumwa nchi zenye malaria. Askari naye ni mwajiriwa aliyetumwa safari. Mwezi wa Mei 2016, Kamati ya Ulinzi ya Bunge la Uingereza ilitoa ripoti yake baada ya kusikiliza ushahidi wa askari na madaktari. Ilisema kwamba dawa hii iwe ya mwisho kufikiriwa, na kwamba asipewe mtu ila baada ya kuchunguzwa yeye peke yake, ana kwa ana, jambo ambalo watengenezaji walikuwa wamelitaka na ambalo halikufanywa kwa kila mmoja. Ikiwa dola yenye madaktari wengi kiasi kile yaweza kugawa vidonge kwa orodha ya majina, si ajabu kampuni ya mizigo ikafanya vivyo hivyo. Lakini kutokuwa ajabu hakulifanyi kuwa haki.

Sahihi si ridhaa

Wataalamu wa tiba hulitaja jambo hili kwa jina la ridhaa baada ya kuelezwa. Maana yake ni kwamba mtu hapewi dawa, wala hachomwi sindano, mpaka ajue ni dawa gani, yatibu au yazuia nini, madhara yake ni yapi, kuna dawa gani nyingine badala yake, na itakuwaje akiikataa. Kisha apewe nafasi ya kuuliza, na nafasi ya kusema hapana. Wengi hudhani ridhaa ni kutia sahihi kwenye karatasi. Karatasi ni ushahidi wa ridhaa tu. Mtu aliyetia sahihi juu ya maandishi asiyoyaelewa, msafara ukimngoja nje, hakuridhia lolote.

Wasomaji wetu waliosoma fiqhi ya biashara watalielewa hili upesi. Mtu akinunua ng'ombe, kisha akagundua aibu iliyofichwa, sheria yampa hiari ya kumrudisha. Biashara ya kitu kisichojulikana imekatazwa kwa sababu ina hadaa ndani yake. Ikiwa sheria yamhifadhi mnunuzi wa ng'ombe, itakuwaje mwili wa mwanadamu aliyekirimiwa na Mola wake?

Na tuna mafunzo yaliyo wazi kuliko kiasi hiki. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, amesimulia, na kisa kimo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, katika maradhi yake ya mwisho alitiwa dawa pembeni ya kinywa na watu wa nyumba yake, naye akiwaashiria wasifanye. Wao walidhani ni chuki ya kawaida ya mgonjwa kwa dawa. Alipopata nafuu aliwauliza kama hakuwa amewakataza, kisha akaamuru kila aliyekuwamo nyumbani atiwe dawa ile ile, isipokuwa ami yake Abbas, ambaye hakuwa pamoja nao. Tuzingatie: waliofanya vile walikuwa watu wampendao kuliko nafsi zao, na walikusudia kheri. Mapenzi na kheri havikuondoa haki yake ya kukataa.

Na kuna kisa cha yule mwanamke aliyekuwa na kifafa, aliyekuja kwa Mtume akitaka aombewe. Ibn Abbas ndiye aliyemsimulia mwanafunzi wake. Mwanamke yule hakuamriwa. Aliwekewa mambo mawili mbele yake, asubiri apate pepo, au aombewe apone, naye akachagua subira. Kisha akaeleza dhiki iliyokuwa yake hasa, kwamba anapoanguka hufunuka mwili, akaombewa asifunuke. Alielezwa, akachagua, akasikilizwa. Hivyo ndivyo daktari yeyote wa leo anavyotakiwa kukaa na mgonjwa wake.

Wanavyuoni wa zama zetu nao hawakunyamaza. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha saba kilichofanyika Jidda mwaka wa 1992, liliamua kwamba idhini ya mgonjwa mwenye akili timamu ni sharti la matibabu. Lakini likaongeza kwamba mtawala anaweza kulazimisha tiba katika hali maalumu, kama maradhi ya kuambukiza na chanjo za kinga. Tofauti hii ni muhimu, kwani wapo wasomaji watakaotuuliza: mbona chanjo ya homa ya manjano hulazimishwa mipakani, na ya uti wa mgongo huhitajiwa kwa mahujaji? Jibu ni kwamba hizo zahusu kinga ya umma, na msafiri asiyetaka chanjo aweza kuacha safari. Hata hivyo, kulazimishwa hakuondoi haki ya kuelezwa. Chanjo ya homa ya manjano haiwafai watu ambao kinga ya miili yao imedhoofika, wala wenye mzio mkali wa mayai, na waliozidi miaka 60, wajawazito na wanaonyonyesha wahitaji kupimiwa kwa uangalifu kati ya faida na hatari. Mwenye udhuru wa kweli huandikiwa na daktari barua ya kusamehewa. Na aliyekwisha kuchanjwa ajue kwamba tangu Julai 2016 cheti chake chatambulika kwa maisha yake yote, asichomwe tena kwa sababu tu karani fulani hakulijua hilo.

Muuguzi kati ya mabwana wawili

Baada ya siku kadhaa tulimwendea yule muuguzi wa kampuni, kwa ruhusa ya mgonjwa. Twakiri kwamba tulikwenda na maneno makali vinywani. Tulimkuta mwanamke wa makamo, amechoka, katika chumba kimoja chenye meza moja na pazia. Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Maalim, sikatai. Niliarifiwa saa nne asubuhi kwamba watu kumi na wanne wanaondoka saa tisa. Orodha ililetwa na msimamizi, na vidonge vilikuwa vimekwisha nunuliwa. Nilijiambia nitawaita mmoja mmoja. Walipokuja, walikuja wote kwa pamoja, na msimamizi amesimama pale mlangoni anatazama saa."

Tulipomuuliza kwa nini hakukataa, alitazama chini. "Nina watoto watatu," alisema.

Wasomaji wetu, hapo maneno yetu makali yalituishia. Muuguzi wa kazini ana kazi ngumu kuliko ya muuguzi wa hospitali katika jambo moja: mshahara wake hulipwa na mwajiri, na amana yake ni ya mfanyakazi. Kazi hii si mpya. Mwaka wa 1878 kiwanda cha haradali cha Colman, katika mji wa Norwich huko Uingereza, kilimwajiri muuguzi Philippa Flowerday awahudumie wafanyakazi kiwandani na awatembelee nyumbani kwao, naye hutajwa kuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa katika kazi hii. Na sisi Waislamu twamjua Bibi Rufaida wa kabila la Aslam, ambaye hema lake lilipigwa katika msikiti wa Mtume, na humo akawauguza majeruhi wa vita vya Handaki, akiwemo Saad bin Muadh. Uuguzi ni kazi yenye nasaba tukufu.

Tume ya Kimataifa ya Afya Kazini, iliyoanzishwa Milano mwaka wa 1906, ina kanuni za maadili zisemazo kwamba mtaalamu wa afya kazini awe huru katika uamuzi wake wa kitaalamu, na kwamba siri ya mfanyakazi isipelekwe kwa msimamizi. Mwajiri huambiwa tu kama mtu afaa au hafai kwa kazi au safari fulani. Haambiwi ni ugonjwa gani. Hili ndilo linalowatia watu wengi hofu. Yule karani alituambia baadaye kwamba hata angaliulizwa siku ile mbele ya wenzake kumi na watatu, angalisema hana historia ya maradhi ya moyo kusononeka. Angaliogopa kuitwa mwendawazimu na kunyimwa posho ya safari. Basi kumuuliza mtu mbele ya kadamnasi ni sawa na kutomuuliza.

Sheria ya nchi yetu nayo iko upande wa mfanyakazi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yampa kila mtu haki ya kuelezwa hali yake, njia zilizopo za matibabu, faida na hatari zake, na haki yake ya kukataa, tena kwa lugha anayoifahamu. Sheria hiyo hiyo yasema huduma haitolewi bila ridhaa, ila katika hali chache zilizotajwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtwika mwajiri wajibu wa kuhifadhi afya ya wafanyakazi wake na kuwapa maelezo. Na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yaziweka habari za afya katika fungu la habari nyeti. Maneno "kwa lugha anayoifahamu" yasipite bure. Ikaratasi ya Kiingereza iliyokunjwa ndani ya sanduku la dawa si maelezo kwa mtu asiyeisoma.

Nini cha kuuliza, na nini cha kujua

Kuuliza si ujinga. Tumewauliza madaktari na wauguzi wa mji wetu, na haya ndiyo tuliyoyapata ambayo kila nyumba yafaa iyajue.

Kinga za malaria zinazotumika sana kwa wasafiri ni tatu, na kila moja ina tabia yake. Meflokwini humezwa mara moja kwa juma, na huanzwa majuma mawili au matatu kabla ya safari, ili ikiwa italeta madhara yajulikane mtu akiwa angali kwao. Huendelezwa majuma manne baada ya kurudi. Yule karani alipewa siku ile ile ya kuondoka, kwa hiyo alikosa hata ile nafasi ya kuijaribu. Doksisaiklini humezwa kila siku, huanzwa siku moja au mbili kabla, na huendelea majuma manne baada ya kurudi. Hufanya ngozi iungue upesi kwa jua, na dereva wa lori ambaye mkono wake uko dirishani kutwa ni haki yake kuambiwa. Mimba na watoto wadogo huepushwa nayo. Ya tatu ni mchanganyiko wa atovakwoni na proguanili, ambao pia ni wa kila siku, lakini huachwa siku saba tu baada ya kurudi. Huwa ghali zaidi, na mara nyingi hiyo ndiyo sababu mfanyakazi hakuambiwa kwamba ipo. Mwajiri ana haki ya kuangalia mfuko wake, lakini asifiche kwamba kuna njia nyingine.

Kuna na dawa iitwayo primakwini, ambayo huweza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa mtu aliyerithi upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Upungufu huu hupatikana katika nchi nyingi zenye malaria, na Pwani yetu ni mojawapo, tena huwadhuru zaidi wanaume. Kwa hiyo asipewe mtu dawa hiyo kabla ya kupimwa damu.

Katika mwezi wa Ramadhani, anayetumia doksisaiklini aimeze wakati wa kufuturu au baada ya chakula cha usiku, kwa gilasi kubwa ya maji, naye akae wima walau nusu saa. Akiimeza kwa funda moja la maji kisha akalala, huweza kumchoma umio. Asiimeze pamoja na vidonge vya madini ya chuma au dawa za kiungulia, kwani huipunguzia nguvu. Ule mchanganyiko wa atovakwoni humezwa pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, na futari zetu hazikosi hayo. Na msafiri ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Ruhusa hiyo ni sadaka kutoka kwa Mola wetu, tusione haya kuipokea.

Kwa dada zetu tuna maneno mahususi. Mwanamke aliye mjamzito, au anayenyonyesha, au anayedhani huenda ameshika mimba, na amwambie muuguzi faraghani kabla ya kumeza chochote, na muuguzi aifiche siri hiyo kwa msimamizi. Binti anayepimwa afya kabla ya kwenda kufanya kazi Ghuba aulize jina la kila sindano anayochomwa na kazi yake, na aliandike. Akijibiwa kwamba ni kawaida tu, ajue hajajibiwa. Na mama zetu waendao Hija au Umra ambao hununua vidonge vya noretisteroni ili kuchelewesha hedhi, wasivinunue kwa kuelekezwa na jirani. Mwanamke aliyewahi kuganda damu mguuni au mapafuni havimfai, na kukaa saa nyingi katika ndege huongeza hatari hiyo.

Tena tahadhari moja kubwa: asije mtu akasoma makala haya kisha akatupa vidonge vyake. Anayehisi madhara aende kwa daktari abadilishiwe dawa, asibaki bila kinga. Na kila aliyerudi kutoka nchi ya malaria akapata homa, hata baada ya miezi kadhaa, akapimwe siku hiyo hiyo na aseme alikokuwa.

Khatima

Yule karani aliachishwa meflokwini akapewa kinga nyingine amalize muda wake. Daktari alimwambia asitarajie nafuu ya usiku mmoja, kwani dawa ile hukaa mwilini kwa majuma kadhaa kabla ya kutoka. Ilikuwa kweli. Ndoto zilimwacha baada ya mwezi na zaidi. Kizunguzungu bado humjia anapoinuka ghafla kutoka katika sijda, na sasa huswali karibu na nguzo. Mamamkwe amekubali, kwa kunung'unika kidogo, kwamba hakuna mtu aliyemchezea mwanawe. Mwaka huu, kampuni ilipotangaza safari nyingine, mke wake ndiye aliyekaa naye usiku wakaandika maswali kwenye karatasi ya daftari la mtoto.

Na yule muuguzi? Alikwenda kwa mkubwa wake na barua. Aliomba apewe majina siku kumi na nne kabla ya safari, chumba chenye mlango unaofungika, na ruhusa ya kusema kwamba mtu fulani abadilishiwe dawa bila kulazimika kueleza sababu. Alikubaliwa mlango na siku kumi. Ruhusa ile ya tatu bado anaipigania. Twamuombea.

Sisi nasi tumejifunza letu. Tangu siku ile, mgonjwa akiletwa kwetu kusomewa, kabla hatujafungua kinywa twamuuliza: unameza nini, nani alikupa, na alikuambia nini alipokupa? Kisha twasoma. Mtume wetu alituamuru kutafuta tiba, na akatuonya kwamba anayejitia katika utabibu bila ujuzi ni mdhamini wa madhara anayoyaleta. Onyo hilo tulikuwa tukilisomea wengine. Tulikuwa hatujajisomea wenyewe.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wa nchi kavu, baharini na angani, awape shifaa wagonjwa wetu, na awape nguvu wale waliopewa amana ya miili ya waja wake. Wabillahi tawfiq.